Majina Katika Vitabu vya Zaka: Kuwatafuta Mababu kwa Kumbukumbu za Ardhi



Nabii Yeremia alipokuwa amefungwa katika ua wa walinzi, na jeshi la Babeli likiwa limeuzingira mji wa Yerusalemu, alifanya jambo ambalo mfanyabiashara yeyote angeliita wazimu: alinunua shamba. Habari hiyo imo katika sura ya 32 ya kitabu chake. Shamba lenyewe lilikuwa Anathothi, muuzaji alikuwa Hanameli mwana wa Shalumu, na bei ilikuwa shekeli 17 za fedha. Fedha ilipimwa mbele ya mashahidi, hati ikaandikwa, nakala moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, kisha Baruku akaagizwa kuzitia zote katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Sisi mapadre tukiifikia sura hiyo, kwa kawaida tunahubiri juu ya matumaini, na ndivyo ipasavyo. Lakini msomaji anayetafuta ukoo ataona pia jambo jingine. Kwa sababu ya shamba moja tu, tunajua kwamba nabii alikuwa na baba mdogo au mkubwa aitwaye Shalumu, kwamba Shalumu alikuwa na mwana aitwaye Hanameli, na kwamba jamaa hao walikuwa na ardhi Anathothi. Ardhi ilipobadili mikono, karani alilazimika kuandika nani ni mwana wa nani.

Juma hili napenda tuitazame nchi ambayo watu wake, kuliko karibu taifa jingine lolote, wamelazimika kuwatafuta babu zao kwa njia hiyo ya vitabu vya mashamba. Nchi hiyo ni Ayalandi. Si nchi ngeni kwetu. Askofu Mkuu wa kwanza wa Nairobi, John Joseph McCarthy, aliyeliongoza jimbo hilo tangu 1953 hadi 1971, alikuwa Mwayalandi wa Shirika la Roho Mtakatifu, na wengi wa wazee wetu walibatizwa au kufundishwa kusoma na mapadre na masista waliotoka katika vijiji vidogo vya kisiwa hicho. Ni vema basi tujue jinsi watu hao wanavyowatafuta wazee wao wenyewe.

Kwa nini vitabu vya ardhi, na si vitabu vya sensa? Kwa sababu sensa zao ziliteketea. Ayalandi ilihesabu watu wake kila baada ya miaka kumi kuanzia 1821, tena kwa majina, nyumba kwa nyumba. Hati za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe baada ya hesabu kukamilika, na zile za 1881 na 1891 zikasagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili karatasi itumike upya. Zilibaki za miaka ya mwanzo, 1821 hadi 1851, nazo zilihifadhiwa katika jengo la Four Courts mjini Dublin. Mwaka 1922 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, jengo hilo lilishikwa na upande mmoja na kupigwa mizinga na upande wa pili. Tarehe 30 Juni likalipuka na kuwaka moto, na kumbukumbu za karne saba zikawa majivu. Vipande vichache tu vya sensa hizo vilisalimika. Sensa ya kwanza iliyobaki nzima ni ya 1901.

Hivyo mtu wa leo anayetaka kujua babu wa babu yake alikaa wapi mwaka 1830 hana budi kufungua vitabu ambavyo havikuandikwa kwa ajili yake. Viliandikwa kwa ajili ya watoza kodi.

Cha kwanza ni kitabu cha zaka. Katika karne ya 19 sehemu kubwa kabisa ya wakulima wa Ayalandi walikuwa Wakatoliki, lakini Kanisa lililotambuliwa na dola lilikuwa la Kianglikana, na kila mwenye kulima alipaswa kulilipia zaka, awe mwamini wake au asiwe. Mkulima Mkatoliki alimlipa mchungaji ambaye hakuwahi kusikia mahubiri yake, kisha akaenda kumtegemeza padre wake kwa kile kilichobaki. Hapo zamani zaka ilitolewa kwa mazao. Sheria ya 1823 ikaruhusu igeuzwe kuwa fedha, na ili kujua kila mtu alipe kiasi gani, wakaguzi walizunguka parokia kwa parokia kati ya 1823 na 1837, wakiandika jina la mkulima, kitongoji chake, ukubwa na ubora wa shamba lake, na deni lake. Vitabu hivyo vipo hadi leo. Tangu mwaka 2012 vinasomwa bure katika intaneti, kwa juhudi ya Nyaraka za Taifa za Ayalandi.

Watu waliichukia zaka hiyo kwa moyo wote. Kuanzia 1830 na 1831 walianza kukataa kulipa, na ng'ombe wao walipokamatwa ili wauzwe, hakuna jirani aliyekubali kuwanunua. Damu ilimwagika pande zote mbili. Huko Carrickshock, katika wilaya ya Kilkenny, Desemba 1831, umati uliwaua polisi waliokuwa wakimsindikiza mpeleka hati za mashtaka. Huko Rathcormac, wilaya ya Cork, Desemba 1834, askari waliwafyatulia risasi wanakijiji na kuua zaidi ya kumi, katika kukusanya zaka ya mjane mmoja. Mwaka 1838 sheria mpya ikaipunguza zaka hiyo na kuihamishia kwa makabaila, nao wakairudisha kimya kimya ndani ya kodi ya pango.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Wachungaji walioshindwa kukusanya zaka ya 1831 waliomba fidia kwa serikali, na ili wapewe walitakiwa kutaja waliokataa kulipa, kwa majina. Orodha hizo, ambazo nyingi ni za Kilkenny, Tipperary na wilaya za jirani, zina majina kama 29,000, na baadhi yake zinataja hata kazi ya mtu. Mkulima aliyekataa kulipa, ambaye pengine hakujua kuandika jina lake, aliandikiwa jina hilo na mtu aliyekuwa akimshtaki. Vitukuu wake leo wanalisoma kwa fahari. Sidhani mchungaji yule alikusudia kumfanyia hisani, lakini amemfanyia.

Kitabu cha pili ni kile kinachoitwa kwa jina la Richard Griffith, mhandisi aliyesimamia uthamini wa ardhi yote ya Ayalandi. Kilichapishwa sehemu kwa sehemu kati ya 1847 na 1864, na kina majina takriban milioni 1. Shabaha yake ilikuwa kugawa kwa haki kodi za wilaya na ile kodi ya kuwahudumia maskini. Kila mstari unaanza na namba ya shamba katika ramani. Yanafuata jina la mkaaji na jina la aliyempangisha moja kwa moja. Halafu inaelezwa kama ni nyumba, banda au ardhi tupu. Mwishoni ni ukubwa na thamani yake kwa mwaka. Hakuna mke, hakuna watoto, hakuna umri. Msomaji wa mara ya kwanza huvunjika moyo.

Avute subira. Namba ile ya ramani ndiyo ufunguo, kwa kuwa wapima ardhi wa dola walikuwa wamekwisha kuichora nchi nzima, kitongoji kwa kitongoji, na vitongoji hivyo ni zaidi ya 60,000. Kwa kulinganisha namba na ramani, mtu aweza kusimama leo mahali penyewe palipokuwa na nyumba ya babu yake, hata kama hapana kitu ila mawe na magugu. Na majirani walioandikwa juu na chini ya jina lake si wa kupuuzwa hata kidogo. Watu hao walioana na kusimamiana ubatizo, na aliyetangulia kwenda Boston au Liverpool aliwaita wenzake wamfuate. Ukilipoteza jina la babu yako upande wa pili wa bahari, mtafute jirani yake. Huenda wako mtaa mmoja.

Kuna mitego miwili ambayo lazima niitaje, kwa maana inawapotosha wengi. Wa kwanza ni wa kipimo. Vitabu vya zaka mara nyingi vinatumia eka ya Kiayalandi, ambayo ni sawa na eka 1.62 za kawaida, na kitabu cha Griffith kinatumia eka ya kawaida. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na eka 10 mwaka 1828 aweza kuonekana na eka 16 mwaka 1853 bila ya kuongeza hata tuta moja. Wapo waliokwisha kuandika katika historia za koo zao kwamba babu alitajirika wakati wa njaa. Mtego wa pili ni wa majina. Katika kitongoji cha Tipperary utawakuta akina Ryan watano, na watatu kati yao ni John. Wathamini waliliona tatizo hilo, nao wakaongeza baada ya jina neno la kuwatofautisha: jina la baba wa mtu, au kazi yake, au jina la utani la tawi la ukoo. Neno hilo dogo lina thamani kuliko safu zote za tarakimu. John wa Michael si John wa Thomas, na hapo umekwisha kupanda kizazi kimoja.

Baada ya kitabu kuchapishwa, makarani waliendelea kukisahihisha kwa mkono mwaka baada ya mwaka. Jina la zamani lilikatwa kwa mstari, jipya likaandikwa juu, kwa wino wa rangi nyingine, na mwaka ukatiwa pembeni. Ukiona John amekatwa na mahali pake pameandikwa Mary, yaelekea John amefariki na mjane wake ameshika shamba. Miaka kadhaa baadaye Mary naye anakatwa na anaingia Patrick. Mwana amerithi, na pengine ameoa mwaka huohuo. Hapo ndipo mtu anajua atafute kifo cha nani, na katika mwaka gani.

Kabla sijaendelea, niseme neno fupi juu ya hati za kabla ya wakati huo. Sheria ya 1704 ilimkataza Mkatoliki kununua ardhi au kuipanga kwa zaidi ya miaka 31, na ikaamuru ardhi aliyokuwa nayo igawanywe kwa wanawe wote afapo, isipokuwa mwana wa kwanza amekuwa Mwanglikana. Huyo alirithi yote. Masijala ya Hati iliyofunguliwa Dublin mwaka 1708 ni hazina kubwa ya koo, lakini kwa karibu miaka sabini Wakatoliki ni adimu ndani yake. Sheria zilipolegezwa, mwaka 1778 na 1782, na Mkatoliki aliporuhusiwa kupiga kura mwaka 1793, mambo yalibadilika. Mikataba mingi ya wakati huo haikuhesabiwa kwa miaka bali kwa maisha ya watu: shamba lilipangishwa hadi afe wa mwisho kati ya watu watatu waliotajwa katika hati. Mkulima mwerevu aliwataja watoto wake wadogo, wakiandikwa na umri wao. Ni nadra kuona hati ya biashara ikiorodhesha watoto wa nyumba namna hiyo.

Sasa nafikia jambo ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya niandike.

Kiweke kitabu cha zaka upande mmoja na kitabu cha Griffith upande wa pili, ukifungua kitongoji kilekile. Kati yao ipo miaka ishirini na mitano hivi, na ndani ya miaka hiyo ipo Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852, viazi vilipooza ardhini. Watu wapatao milioni 1 walikufa, na zaidi ya milioni 1 wakahama. Sensa ya 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8.1, ile ya 1851 ilihesabu milioni 6.5. Katika vitongoji vingi vya magharibi, majina yaliyojaa ukurasa wa kwanza hayaonekani katika ukurasa wa pili, na badala yake lipo jina moja au mawili, yenye malisho mapana ya ng'ombe.

Haikuwa kazi ya ugonjwa wa viazi peke yake. Kifungu cha sheria cha 1847, kilicholetwa na mbunge William Gregory, kilisema kwamba mwenye kushika zaidi ya robo eka hapati chakula cha msaada mpaka aiachilie ardhi hiyo. Baba alichagua kati ya shamba na uji wa wanawe. Tena, kwa shamba lenye thamani ya pauni 4 au chini, kodi ya maskini ililipwa na kabaila mwenyewe. Kwa hiyo kabaila aliyetaka kupunguza kodi yake aliwaondoa wapangaji wadogo na kubomoa vibanda vyao. Ile safu ya mwisho ya kitabu, yenye thamani kwa pauni, shilingi na peni, inaonekana kavu sana. Kwa familia nyingi ilikuwa mpaka kati ya kukaa na kufukuzwa.

Wako wengine ambao hawakuandikwa tangu mwanzo. Kitabu cha zaka hakimjui kibarua asiye na shamba, wala mtu wa mjini. Kitabu cha Griffith kinamtaja mwenye nyumba, na humtaji mama ila awe ameishika nyumba mwenyewe, mara nyingi kwa sababu ya ujane. Wana wadogo wasiorithi hawamo. Patrick Kennedy, baba wa babu mzaa baba wa Rais John F. Kennedy, aliondoka Dunganstown, wilaya ya Wexford, mwishoni mwa miaka ya 1840, akaenda Boston. Shamba lilibaki kwa ndugu zake, na Rais alipolizuru Juni 1963 alipokewa kwa chai na jamaa waliokuwa bado wakilikalia. Vitabu vya ardhi vinawakumbuka waliobaki. Aliyeondoka hana mstari.

Watu hao wasio na mstari tutawapata wapi? Hapa nami nitasema kama paroko, na mnisamehe nikionekana kuvutia upande wangu. Tutawapata katika kitabu cha ubatizo. Kibarua asiye na robo eka alimleta mtoto wake kanisani, na padre akaandika tarehe, jina la mtoto, baba, mama kwa jina la ukoo wake wa kuzaliwa, na wasimamizi wawili. Na padre mwangalifu aliongeza kitongoji. Neno hilo la mwisho ndilo kiungo cha vitabu viwili. Kitabu cha ardhi kinasema John Ryan yuko kitongoji fulani; kitabu cha ubatizo kinasema kitongoji hichohicho John Ryan na Honora Dwyer walibatiza mtoto mwaka 1834. Mama, aliyefichika nyuma ya mlango wa mthamini, sasa ana jina. (Majina hayo mawili ni ya mfano tu.)

Na vitabu hivyo vilisalimikaje? Kanisa la Kianglikana la Ayalandi lilipoacha kuwa Kanisa la dola, rejista zake za zamani zilihesabiwa kuwa mali ya umma, na nyingi zikapelekwa Dublin kuhifadhiwa; zaidi ya nusu ya parokia zake zilizipoteza katika moto wa 1922. Rejista za Kikatoliki hakuna aliyezihitaji. Zilibaki katika makabati ya nyumba za mapadre, na unyevu, na panya, na wino uliofifia, na ndizo zilizopona. Tangu Julai 2015 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeziweka picha zake katika intaneti, bila malipo. Lakini hazifiki mbali sawasawa: katika miji baadhi zinaanza karne ya 18, na katika parokia maskini za magharibi nyingi hazianzi kabla ya 1820 au hata baadaye. Mahali zinapokoma, inabaki zaka.

Na huku kwetu? Hapa pia ardhi iliandikwa na watu wenye shabaha zao. Amri ya Kaisari wa Ujerumani ya Novemba 1895 ilitangaza ardhi isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kuwa mali ya dola. Katika Buganda, Mkataba wa 1900 uligawa ardhi ya mailo kwa Kabaka, jamaa yake na machifu. Anayetafuta babu aliyekuwa chifu ana bahati kuliko anayemtafuta mkulima wake. Katika pwani ya Kenya, sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi apeleke madai yake kwa msajili, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya dola. Faili za madai hayo zina nasaba za koo za Mombasa na Malindi, pamoja na mipaka ya mashamba iliyotajwa kwa majina ya majirani. Wamijikenda wengi hawakuandikwa humo, na wajukuu wao wamehesabiwa kuwa wavamizi katika ardhi ya babu zao.

Wanaonijia ofisini kutafuta habari za wazee wao nawaomba walete mambo mawili: jina la kijiji au kitongoji cha wakati ule, si la wilaya ya leo, na majina ya majirani au wasimamizi wa ubatizo wanaokumbukwa. Nawaomba pia wautazame ukingo wa ukurasa. Tangu 1908, kwa agizo la Kanisa, ndoa ya mtu inaandikwa kando ya ubatizo wake, hata ikifungwa mbali. Katika rejista za Ayalandi unaweza kumkuta mtoto wa kitongoji ambacho mthamini alikiandika kuwa malisho matupu, na ukingoni, kwa mwandiko wa padre mwingine na wino mwingine, jina la parokia ya ng'ambo ya bahari na mwaka aliofunga ndoa.